Debe la Mwanne na Maji ya Udhu

Dutumi nzima ilijua kwamba Mwanne binti Pazi ana mkono wa kupanda, na aliyeieneza habari hiyo ni Mwanne mwenyewe. Alisema aliwahi kuchomeka mwiko ardhini akausahau, wiki ya pili mwiko ukatoa majani. Alisema boga lake moja lilitambaa likavuka kijiji kizima mpaka likaingia Magindu, na wafugaji wa huko walipoliona limenona vile wakalifunga kamba shingoni wakidhani ni ndama aliyepotea. Watu walicheka, lakini walimletea mbegu awapandie, maana uongo wake ulikuwa na mizizi ya kweli. Bamia zake zilizaa wakati za wenzake zimekunja majani, na muhogo wake mtu hakuung'oa bila kuomba msaada.

Alizaliwa Kisarawe, huko vilimani kwenye mikorosho, akaolewa Dutumi na Mfaume, mwanamume mpole aliyezoea kunyamaza kwa sababu nyumbani kwake nafasi ya maneno ilikwisha kuchukuliwa. Mama yake Mwanne, Bi Mwanaasha, alifariki mwaka wa sabini na tatu. Kwao makaburi hayajengewi. Wanapanda mishubiri, mmoja kichwani na mmoja miguuni, kwa kuwa mti ule wenye majani manene na maji machungu hauogopi jua, na mpita njia mwenye jembe akiuona hujua hapa amelala mtu. Arobaini ilipokwisha Mwanne alichimbua kitoto kimoja cha mshubiri wa kichwani, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaja nacho Dutumi. Alikipanda mchangani kando ya njia ya kwenda shamba, akamwambia Mfaume kwamba sasa mama yuko jirani.

Na mshubiri ule ulinawiri bila kutunzwa na mtu. Mwanne alikuwa na bamia za kuangalia. Mvua ikinyesha ulikunywa, isiponyesha ulikaa, na kila alipopita na jembe begani aliusalimu, shikamoo mama, akaendelea na safari. Mwaka haujaisha, ulikuwa umezungukwa na vitoto kama kuku mwenye vifaranga.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wakiishi kila mmoja na shamba lake, jirani yako ukimtaka unapaza sauti, wakapangwa kwenye mstari mmoja, nyumba kwa nyumba, hata jirani akipakua unajua leo kala nini. Mwanne alibomoa, akabeba miti ya nyumba, akabeba na mshubiri. Aliuchimbua wote, mama na vitoto, hakuacha hata kimoja, akauingiza kwenye debe jipya la mafuta lililokatwa mdomo. Debe hilo alilipenda sana. Halikuwa na kutu wala tundu, na alimwonyesha kila aliyepita jinsi lisivyovuja hata tone. Akalijaza udongo mweusi wa bondeni na samadi nyingi kutoka kwa wafugaji wa Magindu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolisha bamia zake, na bamia hazikuwahi kulalamika.

Jirani aliyemwangukia alikuwa Biubwa, mke wa Salumu muuza korosho. Walielewana tangu siku ya kwanza, wakaitana shoga. Biubwa alikuwa mcheshi, mkarimu wa chakula, ila mvivu wa maji, jambo ambalo mwenyewe hakulificha. Aliweza kuoga kwa kopo moja, na akajisifu kwamba maji yamebaki. Siku ile ya kuhamia alikuwa anataka kumwachisha ziwa binti yake Mwanakheri, akamwomba Mwanne kitoto kimoja cha mshubiri apate utomvu wa kupaka kwenye chuchu, na baadaye akipande. Kulikuwa na vitoto vizuri zaidi ya kumi. Mwanne akavipapasa, akachagua kimoja kilichovunjika njiani, hakina hata mzizi.

"Huo hapo," alisema. "Usipoota usije kunidai mwingine. Mkono wangu siwezi kukuazima."

Biubwa akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Sasa nyumba zilivyobanana, Mwanne akaingiwa na hofu ya macho. Kule shambani mshubiri uliangaliwa na nyani tu. Hapa kila apitaye anatupa jicho uani. Akaona mti wa marehemu mama yake usikae hadharani, akauingiza ndani, nyuma ya mlango, pasipofika hata mshale wa jua. Na kwa kuwa ulitoka kaburini, akaona haustahili kunyweshwa maji yaliyobaki sufuriani. Mama yake alimfundisha kwamba maji ya udhu hayamwagwi pa kukanyagwa. Kule Kisarawe yalikuwa yakiishia shinani mwa mgomba. Hapa kwenye mstari migomba haikuwapo. Basi Mwanne akawa anachukua kopo lake, anajikunja nyuma ya mlango, anatawadha juu ya debe. Mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, yote yanamwangukia mama. Aliona raha isiyo na kifani. Alimwambia Mfaume kwamba hapana mti mwingine katika mkoa wa Pwani unaokunywa vizuri namna ile, na Mfaume, kama kawaida yake, akanyamaza.

Miezi ikapita. Mshubiri ukaanza kurefuka, ukapauka, ukatoa shingo nyembamba kuelekea kwenye ufa wa mlango kama mtu anayechungulia mgeni. Mwanne akatangaza kwamba unakua kwa kasi, karibu utabandua makuti. Majani ya chini yakageuka manjano, yakalegea. Akasema ni kiu, huu ni kiangazi, akawa anaongeza kopo la ziada baada ya alasiri. Jani moja likadondoka lenyewe, laini kama ndizi iliyochemka. Akalizika uani, hakumwambia mtu.

Mwezi wa Rajabu wa mwaka wa sabini na tano ulipokuwa unaisha, Salumu akarudi kutoka Kisarawe na salamu za dada yake Mwanne, Mwanamkuu. Waliokuwa wakisafisha mikorosho walichoma majani, moto ukawatoroka ukapita makaburini. Mishubiri ya Bi Mwanaasha yote miwili imeungua mpaka ardhini. Mwanamkuu amechomeka vijiti viwili ili asimpoteze mama, lakini vijiti ni kuni, mtu yeyote atapita navyo. Khitma ya marehemu itasomwa mwishoni mwa Shaabani, na ukoo wote utakuwepo. Yeye atakuja Dutumi katikati ya mwezi kuchukua vitoto viwili vya mbegu ileile. Na Salumu alikariri maneno ya mwisho kama alivyopewa: wamshukuru Mungu mbegu ilikwenda kwa Mwanne, mkono wake wanaujua.

Mwanne alikaa kitako mlangoni. Zilibaki wiki mbili na ushei, na nyuma yake ndani ya debe kulikuwa na kitu ambacho hata yeye, pamoja na ulimi wake, alishindwa kukiita mzima.

Alichofanya ni kile ambacho angefanya mtu yeyote mwenye wasiwasi, yaani kila kitu kwa pamoja. Akamwaga maji asubuhi, akamwaga mchana. Akaukokota nje, akauweka katikati ya uwanja kwenye jua la saa sita, mti ambao haukuona jua kwa miezi tisa. Siku ya tatu majani yaliyobaki yalikuwa na mabaka mekundu ya kahawia kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Na hapo kwenye mwanga, alipoinama, akaona kitu ambacho gizani hakukiona. Kwenye makwapa ya majani kulikuwa na unga. Unga mweupe, umeshindiliwa kwa vidole, mahali pengine umevimba kama pamba.

Ndipo damu ikampanda. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na unga mweupe. Njaa ilikuwa imepita, serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka nje, na Dutumi yote ilikuwa inasonga ugali wa rangi ya Yanga, hata wale wa Simba wakaula kwa kufumba macho. Unga mweupe ungetoka wapi kama si kwa mtu mwenye shughuli yake? Na nani mwenye kinyongo? Macho yake yakavuka ua mpaka kwa Biubwa, yakatua juu ya kinu kibovu kilichosimama juani nyuma ya jiko. Juu ya kinu kulikuwa na chungu kilichopasuka, na ndani ya chungu mshubiri, umekaa mnene, kijani cha kijivu, na miiba yake imara. Mwanne hakuwa anauona kwa mara ya kwanza. Aliuona tangu miezi miwili nyuma, na kila alipouona aligeuza shingo.

Siku ya unga kuja kwenye duka la ushirika, watu wakiwa wamepanga mstari barazani, Mwanne akafika na jani limefungwa kwenye kanga. Aliuliza nani pale amewahi kula unga mweupe mwaka huu. Watu wakaguna, wakadhani ni utani wake. Akasema basi yupo mwenye nao, na ameumwaga kwenye mti wa marehemu mama yake. Akamtazama Biubwa, aliyekuwa wa tatu kwenye mstari.

"Nilikunyima kizuri nikakupa kibovu," alisema. "Roho yako ilibaki kwenye debe langu."

Biubwa alimwangalia kwanza aone kama anatania.

"Shoga yangu," alisema, "mie kuchota maji ya kunawa uso naona ni safari. Kuroga nitaanzia wapi?"

Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa kikubwa, mpaka Mwanne alipofungua kanga na kuonyesha jani. Mstari ukasogea nyuma hatua moja. Balozi wa nyumba kumi, mzee Mwinyijuma, akasema kijiji hakikujengwa kwa mambo hayo, na akafunga mjadala. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuondoka dukani, kila mtu na kipande chake. Kuanzia siku ile hakuna aliyekwenda kuomba moto kwa Biubwa. Kwenye shamba la kijiji safu iliyopakana na yake ilibaki haina mtu. Akienda kutwanga, wenzake walikumbuka kazi nyumbani. Chakula alichokuwa akipeleka majirani kikarudi kimefunikwa vilevile. Mwanne aliyaona hayo yote kutoka uani kwake, na siku za mwanzo, aibu kusema, aliyaona ni haki.

Mwanamkuu alifika siku aliyosema, kwa miguu kutoka Mlandizi, na kabla ya kukaa akauliza mama yuko wapi. Huyu alikuwa mkubwa wao, mwanamke mfupi wa maneno machache, aliyemlea Mwanne mgongoni. Mwanne alimwamkia, akaanza kumweleza habari za mchawi wa jirani na jinsi alivyomtangaza dukani, kirefu, na kadiri alivyoeleza unga ukawa unaongezeka mpaka ukafika pishi mbili. Mwanamkuu alimwacha aseme, huku amechuchumaa mbele ya debe. Akaushika mshubiri kwenye shingo, akavuta kidogo. Ukaja wote mkononi, bila mzizi, kama jino la mzee linavyoacha ufizi. Chini ulikuwa uji mweusi. Akainamisha debe, maji ya rangi ya chai iliyochacha yakachuruzika uani, na kuku waliokuwa karibu wakaondoka.

"Debe hili hukulitoboa?"

"Nilitoboe, maji yapotee?"

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Siumwagilii sana, Dada. Natawadhia hapa tu."

"Mara ngapi?"

Mwanne alimshangaa. "Kwani mie nasali mara ngapi?"

Mwanamkuu alichukua jani, akakwangua ule unga kwa ukucha, akauweka kiganjani, akauelekeza kwenye jua ili mdogo wake aone. Unga ulitambaa. Akaubana kwa kidole gumba, ukaacha doa la rangi ya damu ya chawa.

"Unga gani huu una miguu?" aliuliza. "Ni wadudu. Wanapenda mti uliofichwa gizani, hauna upepo, umelegea kwa maji. Hata kule kwetu huwa tunawaona, unafuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni, imekwisha." Akalilaza jani juu ya udongo uliolowa. "Mti huu maji yake umeyabeba mwenyewe, Mwanne. Ndiyo maana tukauweka pasipokuwa na mtu wa kumwagilia. Mama umemzamisha."

Ulimi wa Mwanne, uliozalisha ndama kutoka kwenye boga, uliganda. Alitafuta uongo, hata mdogo, kwamba labda mbuzi, labda samadi ya Magindu, na hakuna uliokuja. Kilichokuja ni sura ya Biubwa akipita na sahani yake iliyorudishwa. Uso ukamchoma kuanzia masikioni. Alijifunika kanga hadi kwenye nyusi, hapo hapo juani, kama mwari.

Mwanamkuu aliuliza kama hakumpa mtu mwingine mbegu. Mwanne hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono tu kuelekea ua wa pili, kwenye kinu kibovu, na dada yake alipotazama akaona, akasema alhamdulillahi, basi twende. Hapo ndipo Mwanne alipomwomba, kwa sauti ya chini kabisa, aende peke yake, yeye ni mgeni, mgeni hanyimwi.

"Mie simjui," Mwanamkuu alisema. "Aliyemtangaza dukani ni wewe."

Kutoka mlango wa Mwanne hadi mlango wa Biubwa ni hatua ishirini. Baadaye Mwanne alikuja kusema zilikuwa elfu, na huo haukuwa uongo wake mkubwa. Alipiga hodi. Biubwa alikuwa kwenye mkeka anapukuchua kunde, Mwanakheri amelala kando yake. Hakuinuka.

"Karibu, Bi Mwanne," alisema. Miezi tisa walikuwa mashoga, na ile Bi ikamwingia Mwanne kuliko tusi. "Kama umefuata unga, umeniishia."

"Haukuwa unga, Biubwa. Walikuwa wadudu. Na maji yaliyouua yalikuwa ya kwangu."

Biubwa aliendelea kupukuchua. Kisha akaeleza, bila kumwangalia, kwamba kile kitoto alikisahau juu ya dirisha wiki nzima baada ya kukamua utomvu, mpaka mahali palipovunjika pakakauka. Akaona haya kukitupa kwa kuwa ni mti wa mzazi wa mtu. Akachukua chungu kilichopasuka, akajaza mchanga wa uani na vigae vyake, akachomeka, akaweka pale juu ya kinu kuku wasifukue. Maji hakuutilia kwa sababu kisima ni mbali. "Na hao wadudu wako walikuja hata huku," alisema. "Nikawafuta na kitambaa cha sabuni nilichofulia nepi. Ningekwambia, lakini wewe ndiye mwenye mkono."

Mwanne akasema amekuja kuomba msamaha.

"Mie nilijua sikuroga," Biubwa alisema. "Msamaha wako kwangu ni habari ya zamani. Wanangu wanaulizwa na wenzao, mama yenu ungo wake wa kurukia usiku anauegesha wapi." Mikono yake ikatulia kwenye kunde kwa mara ya kwanza. "Mshubiri chukua. Una vitoto vitatu, chukua vyote. Marehemu hajanikosea kitu."

Na hakuweka sharti. Kama angeweka, Mwanne angejua jinsi ya kubishana nalo. Alitoka na vitoto vitatu mkononi, vikavu, vizito, vizuri kuliko chochote alichokipanda maisha yake yote, na akashindwa kuvibeba mpaka kwake. Alivikabidhi kwa dada yake njiani. Akaingia uani, akalitwaa lile debe na uozo wake, akajitwika kichwani.

Siku hiyo ilikuwa imekuja sabuni, na baraza la duka lilikuwa limejaa. Mwanne alilitua debe mbele ya watu, harufu ikajitambulisha yenyewe. Alifungua kinywa, na kilichotangulia, kwa mazoea, kilikuwa kichekesho. Alikuwa nacho tayari, kuhusu wachawi wenye miguu sita. Kisha akamwona Biubwa, ambaye alikuwa amekuja nyuma yake na kikapu cha kunde. Alisimama mwisho wa mstari, na kati yake na mtu wa mbele palikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni. Mwanne akakimeza kichekesho.

"Nilisema hapa kwamba Biubwa ameuroga mti wa mama yangu," alisema. "Nilisema uongo. Ule unga ni wadudu, dada yangu kanionyesha. Mti niliuua mwenyewe kwa maji, kwenye debe lisilo na tundu. Nilikuwa natawadhia ndani yake."

Mzee Mwinyijuma akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa. Kisha mwanamke mmoja wa mbele, Sikudhani, aliyekuwa na mdomo tangu utoto, akauliza kama ni udhu zote tano.

"Zote tano."

"Na sunna ungezisali," Sikudhani alisema, "leo tungevua kambale humo."

Baraza likapasuka kwa kicheko. Kwa miaka yote watu walicheka hadithi za Mwanne, na alikuwa akikipokea kicheko kama mtu anayepokea haki yake. Hiki kilimpita juu, kikamrudia, na hakujua aweke wapi mikono. Biubwa hakucheka. Alisogea tu mbele pale mstari uliposogea, na Sikudhani, bado anajifuta machozi, akatoka nafasi yake ya mbele akaja kusimama karibu naye, akamuuliza bei ya kunde.

Mwishoni mwa Shaabani Mwanne alikuwa Kisarawe. Kabla ya khitma wanawake walikwenda makaburini kufyeka. Mwanamkuu aling'oa vile vijiti viwili, akachimba vishimo kwenye mchanga uliochanganyika na mkaa, akapanda kitoto kichwani na kitoto miguuni. Cha tatu alikuwa amemrudishia Biubwa kabla ya kuondoka Dutumi. Mama mdogo mmoja akasema mbegu haikupotea kwa baraka ya mkono wa Mwanne. Mwanne akasema ni mkono wa jirani yake, anaitwa Biubwa. Mama mdogo hakusikia vizuri, akamwambia arudie, na akarudia, kwa sauti, mbele ya ukoo.

Ndipo walipoona kwamba amesimama na ndoo. Alikuwa ameichota kisimani bila kufikiri, imejaa hadi ukingoni, kwa kuwa mtu akipanda humwagilia.

"Itue ndoo, Mwanne," dada yake alisema.

Akaitua. Kisha akaona pale chini nako ni karibu mno, akaibeba tena, akarudi nayo kilima kizima mpaka nyumbani, na njiani haikumwagika hata tone.